Pliny Mkubwa: Mrumi aliyeipima divai asihadaike na jina

MNYWAJI wa busaa mtaani Langas, mjini Eldoret, hahitaji kuelezwa kwamba kinywaji kina umri wake. Busaa ya unga wa mahindi na kimea cha wimbi ikishaiva hunywewa mapema, kwani ikilala sana huchachuka isifae kitu. Wala hahitaji kuonywa juu ya pombe inayonunuliwa kwa kuamini maneno ya muuzaji tu. Hata baada ya sheria ya mwaka 2010 kuruhusu chang'aa itengenezwe kwa masharti, Wakenya wengi wamepoteza macho na hata maisha kwa pombe iliyotiwa methanoli.

Kinywaji hudumu muda gani, na ndani ya chombo mna nini hasa? Maswali hayo yalimshughulisha Mrumi mmoja karibu miaka elfu mbili iliyopita, naye aliyachunguza kupitia divai za kusini mwa Italia.

Gaius Plinius Secundus, aitwaye Pliny Mkubwa ili asichanganywe na mpwa wake mwenye jina hilo hilo, alizaliwa mwaka wa 23 au 24 BK mjini Como, kaskazini mwa Italia. Ujanani alitumika Ujerumani kama afisa wa askari wapanda farasi. Katika enzi ya Nero, ambapo neno moja lingeweza kumgharimu mtu uhai, alijishughulisha na masuala ya sarufi. Vespasian alipotwaa utawala mwaka wa 69, Pliny alipewa vyeo vya kusimamia mapato ya dola, kikiwamo kimoja huko Hispania, na hatimaye akawa mkuu wa wanamaji katika bandari ya Misenum, karibu na Naples.

Kazi hizo hazikumtenga na vitabu. Aliamka kungali giza, akasomewa alipokuwa mezani na hata alipokuwa akikaushwa baada ya kuoga. Alimkaripia mpwa wake kwa kutembea kwa miguu badala ya kubebwa kwenye kiti, kwa kuwa atembeaye hupoteza saa za kusoma. Zao la bidii hiyo ni Naturalis Historia, kazi ya vitabu 37 aliyomtunukia Titus mwaka wa 77.

Kitabu cha 14 kinahusu mizabibu na divai. Humo Pliny anazigawa divai kwa rangi nne: nyeupe, ya hudhurungi, nyekundu kama damu na nyeusi. Falernum, ya jimbo la Campania, anaipambanua kuwa ya aina tatu: kali, tamu na nyepesi. Anaongeza kwamba ndiyo divai pekee inayoshika moto, kipimo ambacho wapikaji wa chang'aa hawatakishangaa. Kwingineko anaeleza kuwa Falernum haifai ikiwa changa mno wala ikiwa kongwe mno. Umri wake wa wastani huanzia miaka 15.

Hakusujudia ukongwe. Divai maarufu ya mwaka wa 121 KK, Opimius alipokuwa konsuli, ilikuwa bado ipo baada ya karibu miaka 200, lakini ilikuwa imeganda mfano wa asali na kuwa chungu, ikatumiwa kidogo kidogo kuzikoleza nyingine. Divai ya Pompeii nayo haikunufaika kwa kupita miaka kumi, na ilimwachia mnywaji maumivu ya kichwa hadi saa sita ya siku ya pili, yaani adhuhuri, kwani Warumi walihesabu saa za mchana tangu macheo kama Waswahili. Kuhusu kuhifadhi, alitaka ghala lielekee kaskazini na liwe mbali na samadi na mizizi ya miti.

Zamani hizo divai ya Italia ilisafiri mbali. Periplus, mwongozo wa mabaharia wa karne hiyo ya kwanza, unaitaja miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa Adulis, katika Eritrea ya leo. Unasema pia kwamba divai kidogo ilifikishwa pwani ya Azania, yaani Afrika Mashariki, si kwa biashara bali kujipatia urafiki wa wenyeji.

Hasira ya Pliny iliwaelekea walaghai. Wafanyabiashara wa Narbonensis, kusini mwa Ufaransa ya leo, aliwashutumu kwa kuitia divai moshi, mitishamba yenye madhara na hata shubiri. Alilalamika kwamba kilichouzwa sasa ni jina la ghala tu, na kwamba divai isiyo na sifa ndiyo iliyobaki safi zaidi, kwa kuwa hakuna aliyeona faida ya kuighushi. Pombe ya nafaka hakuisahau pia. Aliandika kwamba Wahispania walikuwa wamejua hata namna ya kuifanya idumu.

Mwaka wa 79 mlima Vesuvius ulilipuka, ukaifukia Pompeii na mashamba yake ya mizabibu. Pliny alikuwa amekusudia kwenda kuutazama kwa karibu. Alipopokea ujumbe wa Rectina aliyeomba msaada, aliamuru merikebu zing'oe nanga kwenda kuokoa watu. Alifika Stabiae kwa rafiki yake Pomponianus, akaoga, akala, akalala. Asubuhi walitoka wamejifunga mito vichwani kujikinga na mawe, lakini bahari ilikuwa imechafuka. Alijilaza juu ya tanga, akaomba maji baridi mara mbili. Alipoinuliwa na watumwa wawili, alianguka akafa. Mwili wake ulipatikana baadaye ukiwa mzima, kama wa mtu aliyelala. Mpwa wake, aliyekuwa na umri wa miaka 17, alirithi madaftari yake 160, yaliyoandikwa pande zote mbili kwa herufi ndogo mno.