Rachel Carson: Hakuwa adui wa dawa za shambani

NOVEMBA 1959 wakulima wa kranberi nchini Marekani walipata pigo. Serikali ilitangaza kuwa baadhi ya matunda hayo madogo mekundu yamekutwa na mabaki ya dawa ya kuua magugu, na wanunuzi wakayakimbia siku chache kabla ya sikukuu ya Shukrani, msimu wake mkubwa wa mauzo.

Wakati huo Rachel Carson alikuwa akiandika kitabu juu ya dawa za shambani. Alizaliwa Mei 27, 1907 huko Springdale, jimbo la Pennsylvania, akakulia shambani, na mwaka 1932 akapata shahada ya uzamili ya elimu ya wanyama. Baba yake alipofariki mwaka 1935 alibaki na mzigo wa familia, akaingia idara ya serikali ya uvuvi. Kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya bahari ndicho kilichomwezesha kuacha ajira.

Silent Spring kilitoka Septemba 1962. Wenye viwanda vya dawa walimjia juu, wengine wakidai anataka dunia iachiwe wadudu. Haikuwa kweli. Alichopinga ni kumwaga dawa ovyo bila kujua inaishia wapi. Vichaka vya kandokando ya barabara, kwa mfano, alitaka dawa ilenge mti usiotakiwa tu, si kila kilichoota.

Mkulima yeyote analijua tatizo hilo: dawa inapulizwa asubuhi, mvua inanyesha jioni, nyingine inaishia mtoni. Ndiyo maana baada yake watafiti wamekuwa wakiifunga dawa ya magugu ndani ya chembe ndogo za wanga, udongo wa mfinyanzi au plastiki, ili itoke kidogo kidogo na ibaki pale magugu yanapoota. Plastiki nayo ina taka zake, lakini wanga na udongo huoza au hubaki udongo.

Wachache walijua kuwa Carson alikuwa na saratani ya matiti, iliyogunduliwa mwaka 1960. Aliificha, asije akaambiwa kitabu ni hasira za mgonjwa. Mei 1963 jopo la wanasayansi la Rais Kennedy liliunga mkono hoja zake, na Juni akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti. Alifariki Aprili 14, 1964, akiwa na miaka 56. DDT ilipigwa marufuku katika mashamba ya Marekani mwaka 1972.