Linus Pauling, Bingwa wa Vifungo vya Atomi

Kila mwanafunzi wa kemia hukutana na swali hili: molekuli moja yaweza kuchorwa kwa namna mbili au tatu, je, ni mchoro upi wa kuaminiwa zaidi? Mtu aliyetuonyesha njia ya kulijibu ni Linus Pauling wa Marekani. Maisha yake yafaa kusomwa na vijana na wazazi pia, maana alianza katika dhiki, akapanda juu sana, na alipokuwa huko juu alikosea katika jambo lile lile alilowafundisha wengine.

Alizaliwa tarehe 28 Februari, 1901, katika mji wa Portland, jimbo la Oregon. Baba yake alikuwa muuza dawa. Mwaka 1910 baba alifariki, akaacha mjane na watoto watatu. Mama alipangisha vyumba ili wapate riziki. Siku moja rafiki wa Linus alimwonyesha majaribio machache ya kemia, na tangu hapo kijana hakutaka kazi nyingine. Mwaka 1917 aliondoka shule ya sekondari bila cheti, kwa kuwa hakumaliza somo la historia ya Marekani. Cheti hicho alikuja kupewa mwaka 1962!

Alikwenda Chuo cha Kilimo cha Oregon. Fedha zilipompungukia, alipewa kazi ya kufundisha wenzake akiwa na umri wa miaka 18 tu. Mwaka 1922 akaingia chuo cha California kiitwacho Caltech, na mwaka 1925 akapata shahada ya udaktari. Kisha akaenda Ulaya kujifunza fizikia mpya ya elektroni.

Kabla yake, Gilbert Lewis alikuwa amekwisha kueleza, mwaka 1916, kwamba kifungo cha atomi mbili ni jozi ya elektroni wanazoshirikiana. Lakini zipo molekuli ambazo mchoro mmoja hautoshi kuzieleza. Pauling alisema kuwa molekuli ya namna hiyo ni mchanganyiko wa michoro kadhaa, nayo hali hiyo huitwa rezonansi. Haina maana kuwa molekuli inarukaruka kutoka mchoro huu hadi ule. Ni kama mtoto aliyechukua sura ya baba na ya mama: hawi baba leo na mama kesho, bali ni yeye yule siku zote.

Tutazame gesi ya kuchekesha, ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza maumivu. Ina naitrojeni mbili na oksijeni moja, nazo zimepangwa N, N, O. Ili kujua chaji ya hesabu ya kila atomi, chukua idadi ya elektroni zake za nje ikiwa peke yake (naitrojeni 5, oksijeni 6), toa elektroni zisizo katika kifungo, kisha toa moja kwa kila kifungo.

Mchoro wa kwanza, N=N=O, hutupa −1, +1 na 0. Wa pili, N≡N–O, hutupa 0, +1 na −1. Wa tatu, N–N≡O, hutupa −2, +1 na +1. Huu wa tatu hauna uzito: chaji zake ni kubwa, na chaji mbili chanya zimekaa jirani. Kati ya ile miwili iliyobaki, wa pili una uzito zaidi, kwa sababu chaji hasi iko juu ya oksijeni. Mwaka 1932 Pauling alitoa vipimo vya nguvu ya atomi kuvuta elektroni, na katika vipimo hivyo oksijeni huishinda naitrojeni.

Mwaka 1939 alitoa kitabu chake mashuhuri juu ya vifungo vya kemia, na mwaka 1954 akapata Tuzo ya Nobel.

Lakini mwenye mbio nyingi naye hujikwaa. Mapema mwaka 1953 Pauling alitangaza umbo la DNA, kitu kinachobeba urithi wa viumbe. Aliweka nyuzi tatu, na fosfeti zote katikati, kana kwamba hazina chaji. Kumbe DNA ni asidi: ndani ya mwili huachia hidrojeni zake, na fosfeti hubaki na chaji hasi. Chaji za namna moja hufukuzana, basi zingekaaje pamoja katikati? Vijana wawili wa Cambridge, Watson na Crick, waliliona kosa hilo, na mwezi wa Aprili wakatangaza umbo la kweli la nyuzi mbili. Pauling alikwenda Cambridge, akautazama mfano wao, akakubali kuwa wameshinda.

Baadaye alipigania kukomeshwa kwa majaribio ya mabomu ya atomiki, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1962. Alifariki tarehe 19 Agosti, 1994, akiwa na umri wa miaka 93.

Basi, vijana, mkichora molekuli, msione uvivu kuhesabu chaji za kila atomi, hata kama mnadhani jibu mnalijua. Na mtu akiwaonyesha kosa, likubalini bila kununa, kama alivyofanya bingwa huyu.