Unajifunza klarineti Kuze? Mjue kwanza Siti binti Saad

Mdogo wangu, ukianza kujifunza klarineti hapa Kuze, majirani watajua kabla hujawaambia. Vichochoro vyetu vyembamba. Ukitoa mlio mmoja mbaya, wa ghorofa ya juu washasikia na watoto barazani washaanza kukuiga. Usifunge sanduku bado.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880. Jina alilopewa ni Mtumwa. Hilo la Siti lilikuja baadaye, watu washamjua. Kwao walikuwa wafinyanzi, naye alibeba vyungu kwa miguu akivitembeza mpaka mjini. Kazi ile mtaji wake ni sauti: mtu aliye jikoni akusikie wewe ukiwa bado mwanzo wa mtaa. Hebu jaribu kuita hivyo kwa koo tupu, adhuhuri haifiki umeshakauka. Pumzi itoke tumboni.

Klarineti nayo inataka hiyohiyo. Wanaoanza wengi hujaza mashavu na kuuma, basi kile kipande chembamba cha mwanzi kinabanwa, kinalia kama paka. Kilowanishe kwanza, legeza taya, shika noti moja uivute mpaka pumzi iishe. Fanya hivyo wiki nzima. Wimbo utaukuta.

Mwaka 1911 Siti alihamia mjini, umri wake kama miaka 31, hajui kusoma wala kuandika. Mtu mmoja wa Nadi Ikhwani Safaa akamfundisha kuimba na kupiga udi. Taarab wakati huo iliimbwa Kiarabu, kwa hiyo alishika kwa sikio, kurudia na kurudia. Kwa hiyo wewe ambaye noti za kwenye karatasi zinakuchanganya, zisome polepole, lakini sikio lisikae bure.

Walimcheka pia, bwana. Walimsema sura, wakamsema alikotoka. Yeye akawajibu kwa wimbo, na wimbo ule ukadumu kuliko maneno yao.

Hakuimba peke yake. Katika kundi lake alikuwamo Mbaruk Talsam, mpiga udi, na huyo ni wetu, mtu wa Mombasa. Mwaka 1928 walivuka bahari mpaka Bombay kurekodi na kampuni ya His Master's Voice, kwa Kiswahili. Piga hesabu: tangu 1911 ni miaka 17, na Siti anakaribia hamsini. Santuri zikarudi, zikauzwa mwambao mzima. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Basi ukishaweza noti tano tu, tafuta mwenzio mwenye udi au ngoma mkae pamoja. Na kama klarineti yako si ya plastiki, kuna uwezekano mkubwa ni ya mpingo, mti wa huku kwetu Afrika Mashariki. Ipanguse ndani kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, maana mate na unyevu wa pwani havina huruma na mbao.