Mama Kimpa Vita, Binti wa Kongo



Kimpa Vita alizaliwa karibu mwaka 1684 katika ufalme wa Kongo, wakati wakubwa walipigana kwa ajili ya kiti cha mfalme. Mapadri walimbatiza wakamwita Beatriz, lakini jina la kwao hakulitupa. Mwaka 1704 aliugua sana, akaamka akisema Mtakatifu Antonio amemwingia. Akagawa mali yake, akaanza kuhubiri kwa Kikongo: Yesu alizaliwa Mbanza Kongo, na watakatifu weusi wako. Wamama, fikirini neno hilo kutoka kinywani mwa msichana wa miaka 20 hivi, mbele ya mapadri Wakapusini! Maelfu walimfuata, wakarudi kukaa Mbanza Kongo, mji mkuu ulioachwa ukiwa tangu 1678.

Alizaa mtoto kwa siri. Wengine humdharau kwa sababu hiyo. Mimi namwona mwanamke kamili, aliyebeba mimba na kazi ya Mungu pamoja. Watu wa mfalme Pedro wa Nne walimkamata, na tarehe 2 Julai 1706 akachomwa moto. Mtoto aliachwa hai. Wafuasi wake waliushika mji mpaka 1709.