Jean-François Millet na Kanisa la Kwao



Tukitazama chapa ya picha ya Kanisa la Gréville, mwanzoni hatuoni la ajabu. Ni kanisa la kijijini, la mawe, fupi na lililozeeka. Ndege wanaruka kuzunguka mnara, na mkulima anapita njiani. Kwa nini mchoraji mashuhuri alilishughulikia kwa miaka? Jibu limo katika maisha yake.

Jean-François Millet alizaliwa mwaka 1814 katika kitongoji cha Gruchy, pwani ya Normandy, Ufaransa, akabatizwa katika kanisa hilo hilo. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alilima pamoja nao. Bibi yake, mama wa sala, aliwazoesha kuacha kazi shambani kengele inapolia, wasali Malaika wa Bwana na kuwakumbuka marehemu. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyozaa picha yake ya mwaka 1857 hadi 1859, ya mume na mke wanaosali katika shamba la viazi. Chapa zake zilienea katika nyumba nyingi za Wakristo.

Lakini sanaa ilimweka mbali na kwao. Alikwenda kusoma Paris, na mwaka 1849 akahamia Barbizon, akalea watoto wengi katika ufukara. Bibi alifariki mwaka 1851 na mama mwaka 1853, Millet asiwahi kurudi kuwaaga. Sisi tunaojua uzito wa kukosa mazishi ya mzazi tunaelewa jeraha hilo.

Vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870 vilimrudisha Normandy. Ndipo alipoanza kulichora kanisa, akaendelea nalo Barbizon hadi mwaka 1874. Hapo ndipo alipobatizwa. Uani mwake ndimo wanakijiji walimozikwa. Marehemu wamelala kando yake, mkulima aliye hai anapita, na kanisa linawaunganisha. Tunasadiki ushirika wa watakatifu. Millet aliuonyesha bila kuchora malaika hata mmoja.

Yeye na mkewe Catherine walikuwa wamefunga ndoa ya kiserikali tu. Tarehe 3 Januari 1875, akiwa mgonjwa, walifunga ndoa Kanisani. Tarehe 20 mwezi huo huo akafariki.

Leo kengele ya saa sita ikilia, tusimame. Tuwataje marehemu wetu, hasa wale ambao hatukuwahi kuwazika.