GUNPEI YOKOI: FUNDI WA VITU VYA ZAMANI

Mwaka jana nilikaribia kuliacha somo la kompyuta. Mashine tulizokuwa nazo zilikuwa za zamani mno, nami niliamini hakuna cha maana kinachoweza kuundwa kwazo. Halafu nikasoma habari za Mjapani mmoja, nikaona haya. Leo nawasimulia maisha yake.

Gunpei Yokoi alizaliwa mjini Kyoto mwaka 1941. Alisomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, na mwaka 1965 akaajiriwa na kampuni ya Nintendo. Je, aliajiriwa kuunda gemu? La hasha! Nintendo ya wakati huo ilitengeneza karata, na kazi yake ilikuwa kuzitunza mashine za kiwandani. Kazi ikipungua, alijitengenezea vitu vya kuchezea. Siku moja mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, aliona mkono wa bandia aliouunda, unaorefuka na kushika kitu kilicho mbali. Badala ya kumfukuza, akamwagiza autengeneze uuzwe. Ulitoka mwaka 1966, na watu zaidi ya milioni 1 wakaununua.

Miaka ikapita. Siku moja akiwa safarini kwa treni, Yokoi alimwona abiria aliyechoshwa na safari akibonyezabonyeza kalkuleta. Wazo likamjia. Vipuri vya kalkuleta vilikuwa vimeshuka bei, mbona visitumiwe kuunda mchezo wa kutia mfukoni? Basi mwaka 1980 ikatoka Game & Watch. Mwaka 1982 akaongeza kitufe chenye umbo la msalaba, kile ambacho vidole gumba vyetu vinakijua hata leo.

Mwaka 1989 ikaja Game Boy. Kioo chake hakikuwa na rangi, na wengi wangeidharau. Mshindani wake, Atari Lynx, alikuwa na rangi za kupendeza, lakini alikula mawe sita ya tochi kwa saa chache tu. Game Boy ilitumia mawe manne, ikadumu saa nyingi, na bei yake ilikuwa nafuu. Si mnajua nani alishinda? Yenyewe na ndugu yake wa rangi aliyefuata ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Hata hivyo, hakuna mja asiye na dosari. Mwaka 1995 Virtual Boy, yenye picha nyekundu tupu, ilikosa wanunuzi. Mwaka 1996 Yokoi aliondoka Nintendo, akaanzisha kampuni yake ndogo, Koto. Masikini, hakukaa! Tarehe 4 Oktoba 1997 gari alilosafiria liligonga jingine, na aliposhuka kuangalia, gari lililopita likamgonga. Alifariki akiwa na umri wa miaka 56. WonderSwan, mtambo aliosaidia kuunda, ulitoka mwaka 1999. Ulitumia jiwe moja tu!

Wenzangu, wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nimerudi darasani. Kwenye kompyuta ileile niliyoidharau naandika mchezo wa bao. Bado una kasoro, kwani kete zikifika shimo la nane hupotea, sijui zinaenda wapi. Anayeweza kunisaidia kulitafuta kosa hilo, karibu sana.