Ndugu Andrea Pozzo na Kuba Lisilokuwapo

Andrea Pozzo alizaliwa mwaka wa 1642 mjini Trento, katika nchi ya Italia. Mwaka wa 1665 aliingia Shirika la Yesu, si kwa upadre, bali awe ndugu mtawa. Kazi yake ilikuwa kuchora.

Huko Roma, kanisa kubwa la Mtakatifu Ignasi lilikosa kuba, yaani paa la mviringo lipandalo juu. Basi Ndugu Andrea alichora kuba juu ya kitambaa kipana, kikatundikwa mwaka wa 1685. Atazamaye huona nguzo na madirisha yakipanda juu sana. Kumbe, ni kitambaa kilichonyooka tu.

Jicho lilidanganywaje? Tazameni mistari ya michikichi shambani: miti ya mbali huonekana midogo, na mistari kama inakutana. Pozzo alipima hayo kwa hesabu. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1693 alifundisha namna ya kuchora dari iliyopinda: nyuzi hutandazwa chini yake kama wavu, na usiku taa huwekwa mahali pa jicho la mtazamaji, vivuli vya nyuzi vikaongoza mkono.

Sakafuni pamewekwa jiwe la mviringo. Asimamaye hapo huona yote yamesimama wima. Akisogea kando, nguzo huinama. Wengine walimlaumu kwa hilo. Tena wajenzi walinung'unika kwamba nguzo za kuba zilikalia mawe yasiyoweza kuzibeba. Rafiki yake, mchoraji, akawajibu kwamba zikianguka, yeye atalipa gharama zote.

Pozzo alifariki mjini Vienna mwaka wa 1709, akiisha kuchora kuba jingine la namna ile katika kanisa la Wajesuiti wa huko.